Pikipiki adimu itozwe kodi kulingana na thamani yake?

Mkaazi wa Kilimani (mwanzilishi wa mada)
Wenzangu, Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilipoanza kutumika ilitoza shilingi 10,000 kwa kila pikipiki iliyoagizwa kutoka nje, hivyo kijana aliyenunua bodaboda na tajiri aliyeagiza Ducati Desmosedici RR walikuwa sawa mbele ya kifungu hicho. Viwango vimebadilika tangu wakati huo, lakini swali la msingi bado lipo. Ducati ile ilitengenezwa 1,500 tu, na ilipotoka iliuzwa dola 72,500 kule Marekani. Je, anayemiliki kitu kama hicho asilipe kodi ya kila mwaka kulingana na thamani yake, hata kama amekifungia gereji? Mimi nasema alipe. Pikipiki isiyotoka nje ila siku ya Concours, yale maonyesho ya magari na pikipiki pale Ngong Racecourse, ni pambo, si chombo cha usafiri.

Mzee wa V4
Kodi sina ugomvi nayo. Neno "pambo" ndilo lililonikera. Ninamiliki Honda VFR750R, ambayo wengi huijua kwa jina la RC30. Ndiyo iliyompa Fred Merkel ubingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa Superbike mwaka 1988, akautetea 1989. Injini yake ni ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, na kemshafti zake, yaani vyuma vinavyofungua na kufunga vali, huzungushwa kwa giya badala ya mnyororo. Mtu akiita kazi kama hiyo pambo, ajue amejitangaza mwenyewe. Isitoshe, mimi huiwasha kila Jumapili.

Fundi wa Kirinyaga Road
Mzee wangu, shikamoo. Kuiwasha si kuiendesha, na kwa heshima zote, huko kuiwasha kwako kila Jumapili kunaiumiza. Injini inaponguruma dakika chache ikiwa imesimama, haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaotokana na mwako, kwa hiyo maji hubaki ndani ya oili na ndani ya egzosi yakila chuma polepole. Ama uipeleke barabarani hadi ipate moto sawasawa, ama uihifadhi kwa utaratibu: toa betri, shughulikia petroli iliyo ndani ya tangi, kisha uiache ipumzike. Hiyo njia ya katikati ndiyo inayotuletea kazi gerejini.

Mzee wa V4
Marahaba, kijana. Sasa nionyeshe barabara. Expressway imetufungia nje pamoja na bodaboda na tuktuk, na Waiyaki Way matatu hubadilisha njia kana kwamba vioo vya pembeni havijavumbuliwa. Kuiweka ndani si kiburi. Ni busara ya mtu anayeujua mji wake.

Mwanafizikia wa Kasarani
Hata mkipewa barabara tupu, kuna jambo hamlitaji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia moja unazopanda. Zile nguvu za farasi 200 zinazosifiwa kwenye Desmosedici hubaki 165 hivi hapa mjini. Mmelipia farasi ambao wamebaki Mombasa.

Dada wa Ngong Road
Ndugu Mwanafizikia, umetaja nusu ya hesabu. Hewa nyepesi inayoinyima injini pumzi ndiyo hiyo hiyo inayopunguza ukinzani mbele ya kifua cha mwendeshaji, kwa hiyo kasi ya juu haishuki kwa kiwango ambacho nguvu imeshuka. Ungepanda chochote kilicho kikubwa kuliko kiti cha mbele cha basi ungelijua hilo.

Mwanafizikia wa Kasarani
Nimepanda vya kutosha, Dada, na leseni ninayo. Nilisema nguvu, sikusema kasi. Tafadhali usinilishe maneno. Tena anayetoka kwenye mataa usukani ukimvuta mikono huhisi nguvu, hahisi kasi ya juu ambayo hakuna barabara ya Kenya inayoiruhusu.

Fundi wa Kirinyaga Road
Wote mna hoja, ila RC30 ni ya kabureta. Isipowekewa jeti ndogo za miinuko hii, yaani vile vitundu vinavyopitisha petroli, itakunywa petroli kupita kiasi na plagi zitakuwa nyeusi. Mzee, jeti ulibadilisha?

Mama wa Githurai
Mdogo wangu anaendesha bodaboda aliyoichukua kwa mkopo, na siku inapoharibika nyumba nzima hulala bila kitu. Niliingia kwenye mada hii nikidhani tunazungumzia kodi, nikakuta wanaume wazima wakipimana farasi. Kama mtu anaweza kuweka mamilioni sebuleni, basi aipe serikali sehemu yake.

Mzee wa V4
Haiko sebuleni.

Mhasibu Mstaafu
Mama, ninakubaliana nawe kimoyo, lakini thamani itapimwaje? Kitu kinachobadilisha mikono mara chache namna hii hakina bei ya sokoni hapa Nairobi. Na huko nje bei hupanda pale pikipiki inapokuwa haijaguswa, odomita ikisoma sifuri, kwa hiyo kodi ya thamani itamwadhibu zaidi yule asiyemsumbua mtu barabarani.

Dada wa Ngong Road
Si kweli kwamba isiyoguswa ndiyo hushinda. Pikipiki ya Vincent Black Lightning iliyouzwa kwa dola 929,000 mnadani Las Vegas mwaka 2018 ndiyo ile ambayo Jack Ehret aliikimbiza kule Australia akaweka rekodi ya kasi ya nchi hiyo mwaka 1953. Walionunua walinunua historia yake pamoja na mikwaruzo.

Fundi wa Kirinyaga Road
Na hiyo ya odomita sifuri ina gharama zake. Desmosedici ilitoka na tairi ya nyuma ya inchi 16, saizi ya 200/55, na kuipata leo ni shida kiasi kwamba wenye nazo huhamia rimu za inchi 17. Ukitoa rimu za asili si ile tena. Ukiziacha na tairi iliyozeeka, huwezi kuipanda kwa usalama. Kodi ya mwaka haitakuwa gharama kubwa kuliko zote kwa mtu huyo.

Mama wa Githurai
Mhasibu, umeuliza thamani itapimwaje. Hao wenye pikipiki wanapokata bima huandika kiasi gani?

Mhasibu Mstaafu
Huandika kiasi chote, na picha huambatisha.

Mama wa Githurai
Basi KRA, mamlaka ya kodi, isome karatasi hiyo hiyo.

Mzee wa V4
Bima ni siri ya mteja na kampuni yake. Na jeti nilibadilisha kitambo, kwa aliyeuliza.