Msaada: sensa za mawimbi ya sauti kujua mgonjwa amekaa au amelala (Tanga)

Mtoto wa Makorora
Wakuu habari za jioni. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi, yuko kitandani nyumbani Makorora. Kazi yangu iko Dar, narudi wikiendi. Kuna mtu anamhudumia. Nataka nikiwa huku nijue kama mama amekalishwa, amegeuzwa, au kalala vilevile toka asubuhi. Kamera hataki kabisa, anasema hawezi kukaa chumbani kwake kichwa wazi huku anatazamwa. Fundi mmoja wa Tanga kaniambia zipo sensa za mawimbi ya sauti, zinafungwa darini, zinajua mtu kakaaje bila picha. Zinafaa? Silali, wakuu.

Ngoja Waje
Nimekaa palee, wajuzi wanakuja.

Fundi Redio
Zinafaa kwa kiasi chake. Hizi za bei nafuu, HC-SR04, zinapiga mlio wa kilohezi 40. Sikio la binadamu linaishia kama 20, kwa hiyo mama hatasikia kitu, labda paka wenu. Mlio unagonga kitu, mwangwi unarudi, kifaa kinahesabu muda na kutoa umbali. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Ikifika 30, ambayo kwa Tanga ni kawaida, ni kama 349, kwa hiyo programu irekebishwe. Mwisho wake ni mita 4. Mtu akikaa kitandani, umbali kutoka darini unapungua ghafla kwa nusu mita hivi, hapo hukosei. Kimbembe ni kugeuzwa. Kutoka chali kwenda ubavu tofauti ni sentimita chache, na blanketi na kanga zinameza sauti. Panga boi lipo? Na majibu atasoma nani?

Popo wa Amboni
Ukoo wetu unatumia huo mtambo mapangoni tangu enzi na enzi. Hatujawahi kulipa fundi.

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Mgonjwa asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kagua visigino, nyonga na pale juu ya makalio. Vitabu vinasema utafute wekundu, ila kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa, ukikuta pana joto au pamekuwa pagumu, kidonda kimeshaanza. Hilo sensa haitakwambia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, tulimuuguza watu watatu na migongo bado ilituuma. Huyo anayemhudumia ni nani, na analala saa ngapi?

Mtoto wa Makorora
Asante Fundi Redio. Panga boi lipo. Majibu yanakuja kwenye simu yangu. Nesi, ni mtu wa nyumbani tu. Mimi nimeuliza sensa.

Kijana wa Raskazone
Mimi niliifunga kwenye simtanki ipime maji. Ilifanya kazi safi kabisa, maji yametulia, mwangwi unarudi vizuri. Baadaye buibui akajenga ndani ya jicho lake, simu ikawa inasema tanki limejaa huku sisi tunaoga kwa kopo.

Bi Cheusi
Mtu wa nyumbani ana jina. Dada wa kazi? Mdogo wako? Sema tukusaidie.

Mtoto wa Makorora
Haya, ni mke wangu. Msianze. Dada yangu alipita pale akakuta mama kalala vilevile na mke wangu yuko barazani anauza barafu. Jumamosi nimekuta kidonda nyongani. Nikimuuliza anasema anamgeuza. Simtuhumu, nataka uhakika tu. Sijamwambia kwa sababu akijua ataigiza. Yeye na mama nimewaambia ni kifaa cha kufukuza mbu. Na fundi nimeshampa nusu ya hela, sensa mbili ziko darini tayari, kwa hiyo wa kuniambia niache asijichoshe.

Bi Cheusi
Huyo dada yako alipokuta mama kalala vilevile, mikono yake aliiacha wapi? Si angemgeuza?

Mzee wa Ngamiani
Zamani mke akimuuguza mama mkwe ananunuliwa doti za kanga na mtaa mzima unamsifu. Leo anafungiwa mtambo darini. Haya bwana. Mke wangu wa kwanza alimuuguza marehemu baba, nami kwa ujana wangu sikumwambia hata ahsante, nikaja kuoa wa pili... hiyo ni hadithi nyingine.

Wakili wa Kijiweni
Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya unyumba wake. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi nyeti. Mgonjwa ni mama, wa kuridhia ni mama. Binafsi naona la mke linazungumzika. La kumdanganya mama habari za mbu ndilo baya.

Fundi Redio
Nijibu kitu kimoja. Ni kilohezi 40 tupu au kuna maikrofoni? Maana kuna njia nyingine: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walitumia simu ya kawaida, spika ikatoa mlio wa kilohezi 18 hadi 20, maikrofoni ikasikiliza mwangwi, wakaweza kufuata pumzi za mtu aliyelala kwa umbali wa kama mita moja. Kazi nzuri, ila maikrofoni ya namna hiyo inaweza kunasa na maneno ya watu. Sensa ya kilohezi 40 haina habari na maneno.

Mtoto wa Makorora
Maikrofoni ndogo ipo. Fundi alisema ni lazima. Sisikilizi.

Chai Haina Sukari
Wakuu mnanyweshwa chai. Tanga hii, kitanda kina neti, juu ya neti panga boi, juu ya panga boi sensa. Huo mlio unamfikiaje mama? Halafu huyu huyu juzijuzi alifungua uzi humu anajiita bachela, anauliza zawadi ya mchumba. Tulieni, namba ya fundi inakuja.

Ngoja Waje
Duh.

Mtoto wa Makorora
Neti mchana inafungwa juu. Ule uzi wa bachela nilimwandikia mdogo wangu.

Popo wa Amboni
Inafungwa juu wapi, kwenye panga boi?

Nesi Mstaafu
Iwe chai iwe maziwa, humu kuna anayesoma ana mgonjwa kweli. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kama uwezo upo, tafuta godoro la upepo linalojaza na kupunguza kwa zamu. Na hiyo nusu ya hela ya fundi iliyobaki mlipe mtu awe anakuja usiku, mkeo alale.

Chai Haina Sukari
Mleta mada, piga picha dari tuone.

Mtoto wa Makorora
Niko Dar, nitapigaje? Fundi anakwenda kesho kumalizia. Tatizo lililopo sasa hivi, mke wangu anauliza mbona mbu hawapungui. Nimjibuje?

Kijana wa Raskazone
Mwambie ukweli, halafu hizo sensa usimuuzie mtu mwingine. Nina tanki la pili.