Skimu ya maji ya kijiji Chamwino: milioni 6 za ulinzi na dharura. Tuanze na uzio na kamera, au kuna cha maana zaidi?

Chombo_Chamwino (mwanzisha uzi)

Mbukwa wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii.

Skimu ni ya kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, inaendeshwa na chombo cha jamii (CBWSO). Watu 5,400, vituo vya kuchotea maji (DP) 11, zahanati moja, shule mbili. Kisima kimoja cha mita 120 kinachotoa lita 12,000 kwa saa, pampu ya kuzamisha ya kilowati 7.5, fezi tatu, umeme wa TANESCO. Tenki la zege la lita 75,000 liko juu ya kilima. Klorini ni HTH ya unga, inawekwa tenkini kwa mkono. Jenereta hakuna. Bomba kuu la inchi 4, kama kilomita 2, halafu matawi madogo. Tawi moja linavuka korongo.

Kamati imetenga milioni 6 za "usalama na dharura" kabla ya mvua za Desemba. Rasimu inasema: uzio wa seng'enge kwenye tenki na kisima, kamera mbili, zinazobaki posho ya mlinzi. Pia tunatakiwa tuwe na mpango wa dharura wa maandishi.

Mngekuwa nyie mngepanga vipi? Nawasilisha.

---

FeziTatu

Mkuu, rasimu weka pembeni kwanza. Umeme ukikatika alfajiri tenki likiwa nusu, zahanati inakauka saa ngapi?

Piga hesabu. Kipimo cha usanifu wa vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 5,400 wanakula lita 135,000. Tenki lako lina lita 75,000. Hata likijaa pomoni halifikishi kesho. Adui yako wa kwanza si mwizi.

Wakati wa dharura shuka hadi lita 15 kwa mtu, unapata lita 81,000, sawa na saa 7 za pampu. Hizo saa 7 ndizo unazotakiwa kuzitafutia umeme, siyo 24.

Pampu ya 7.5 kW inakula kama ampea 16 au 17 ikishatulia, ila inapoanza moja kwa moja inavuta mara sita hadi saba ya hapo. Ndiyo maana jenereta ya kVA 15 "inayotosha" kwa makaratasi inakuangusha: volti inashuka, kontakta inagonga-gonga, mota inaungua. Kwa stata ya moja kwa moja tafuta kVA 30. Ukiwa na sofstata au invata (vifaa vya kuanzisha mota polepole), kVA 20 inafanya kazi.

Kununua hamtaweza kwa pesa hiyo, na jenereta inayokaa bila kuwashwa huwa inafia kwenye betri. Wekeni njia ya kuipokea ya kukodi: chenjiova (swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta) ya ampea 63 yenye nafasi tatu, kebo ya waya nne milimita 10, na makubaliano ya maandishi na mwenye jenereta Dodoma mjini, yenye bei na muda wa kufika. Chenjiova si mapambo. Bila hiyo umeme wa jenereta unarudi kwenye laini na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini umezimwa.

Kosa jingine la siku ya dharura: fezi zikipishana, pampu inazunguka kinyumenyume. Inanguruma, ampea zinasoma, maji yanapanda kidogo sana au hayapandi kabisa. Andika leo presha ya kawaida kwenye geji ya mdomo wa kisima, kwa rangi, ukutani. Siku hiyo ikisoma chini ya hapo, zima, badilisha fezi mbili, washa tena.

Dizeli: lita 3 hadi 3.5 kwa saa, kwa saa 7 ni kama lita 25 kwa siku. Pipa moja la lita 200 linakupa wiki.

Kabla ya yote hayo weka relei (swichi inayozima pampu yenyewe) ya kulinda fezi na ya kisima kukauka, pamoja na kinga ya radi yenye fimbo ya ardhini. Fezi moja ikipotea usiku bila relei, asubuhi mnavuta mita 120 za bomba kutoa mota iliyoungua. Hiyo siyo dharura ya siku mbili.

---

Klorini05

FeziTatu kasema vizuri, naongeza jambo moja kwa herufi kubwa: HILO PIPA LA DIZELI LISIKAE CHUMBA KIMOJA NA HTH. Unga huo ukigusana na mafuta au grisi unaweza kuwaka wenyewe, na ukigusana na asidi unatoa gesi ya sumu. Chumba chake kiwe kikavu, chenye hewa, ndoo za plastiki zenye mfuniko, ubao chini. Ukichanganya, unga uingie kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya unga.

Sasa kiasi. Nachukulia HTH ya asilimia 65.

Siku za kawaida, miligramu 1 kwa lita: lita 135,000 zinataka gramu 208. Pipa la kilo 45 litakaa miezi saba, na kwa joto la Dodoma mwisho wake utakuwa dhaifu. Nunueni kidogo kidogo, akiba ya siku 30 kwa dozi mara mbili ni kilo 12.5. Andikeni tarehe ya kufungua.

Siku za mashaka usikisie dozi. Tengeneza mchanganyiko wa asilimia 1 (gramu 15 za HTH katika lita moja). Chukua ndoo nne za lita 20 za maji yale yale, weka mililita 2, 3, 4 na 5. Hizo ni miligramu 1, 1.5, 2 na 2.5 kwa lita. Subiri dakika 30, pima. Chagua ndoo iliyobakiwa na klorini kama miligramu 0.5 kwa lita. Kama ni ya mililita 4, tenki zima la lita 75,000 linataka gramu 230.

Lengo la klorini iliyobaki kwenye DP ya mwisho kabisa: miligramu 0.2 kwa lita siku za kawaida, 0.5 wakati wa dharura au kipindupindu. Maji yakiwa na tope klorini inaliwa na tope, yachujwe au yatulie kwanza.

Kipimo ni vidonge vya DPD namba 1, vinageuka pinki. Angalieni mtego huu: klorini ikizidi sana rangi inafifia au haitokei kabisa, na fundi anaandika "sifuri" kisha anaongeza dawa. Ukishtuka, changanya sampuli sehemu moja na maji yasiyo na klorini sehemu tisa, pima tena, zidisha kwa 10.

---

Minyaa_Hai

Uzio wa seng'enge kuzunguka kisima na tenki utaimeza hiyo bajeti. Pandeni minyaa sasa, mvua ikija inashika. Kamera itawaonyesha kofia ya mwizi.

---

Chombo_Chamwino

😂 Nimekuelewa. FeziTatu, na umeme ukirudi tunawasha tu na kufungua valvu kama kawaida?

---

Koki_ya_Mtaa

Hapana mkuu. Hapo ndipo skimu nyingi zinajipasua zenyewe, nami nitakaa hapa kidogo.

Maji yakikatika huku DP za bondeni ziko wazi, bomba linajimwaga na kubaki linanyonya. Kila palipovuja, hasa penye dimbwi au karibu na choo, uchafu unaingia ndani. Kwa hiyo maji ya kwanza kurudi ndiyo mabaya kuliko yote, na ndiyo watu wanayoyakimbilia na madumu.

La pili ni hewa. Ukifungua valvu ya tenki yote kwa mpigo, maji yanaisukuma hewa mpaka inakosa pa kutokea, yanagonga, jointi zinafunguka.

Utaratibu: umeme unapokatika tu, mtu afunge DP na valvu ya kutoka tenkini kabla tenki halijashuka chini ya theluthi, yaani lita 25,000. Hiyo ni akiba ya zahanati na shule, mnaitoa kwa saa maalum. Bomba likibaki limejaa halinyonyi.

Wakati wa kurudisha, funga DP zote isipokuwa ile ya juu kabisa, iwe njia ya hewa. Jaza polepole, mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde. Kwa inchi 4 hiyo ni lita 2.4 kwa sekunde, sawa na ndoo ya lita 20 kila sekunde 8. Kilomita 2 za inchi 4 zinabeba kama lita 15,700, kwa hiyo jiandae kusubiri karibu saa mbili. Ndiyo, saa mbili, na watu wakipiga kelele. Kisha tawi moja moja. Kila tawi mwaga mwisho wake wa chini mpaka maji yawe meupe na DPD isome 0.5, ndipo ufungulie watu.

Haya yote hayawezekani kama hamjui valvu ziko wapi. Chora ramani, kila valvu namba yake, mizunguko mingapi mpaka ifunge, inafunga kulia au kushoto. Chemba nyingi zimejaa udongo, zifukueni mwezi huu. Zungusha kila valvu mara mbili kwa mwaka, la sivyo siku ya siku shina linakatika mkononi. Funguo za T za kuzungushia valvu ziwe tatu, zisikae kwa mtu mmoja.

Vipuri: kwa kila saizi ya bomba klampu mbili, kapulingi mbili, bomba mbili za mita 6. Pima kipenyo cha nje kabla ya kununua. Chuma cha inchi 4 ni milimita 114, plastiki ya "inchi 4" ni 110. Kapulingi ya saizi moja haikai kwenye nyingine, na duka liko Dodoma mjini.

---

Bonde_la_Kati

Kuhusu korongo: bomba lililozikwa sentimita 60 kwenye mchanga wa korongo ni sadaka. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yalisomba hata reli kati ya Kilosa na Gulwe, bomba la plastiki ni nini? Weka valvu pande zote mbili ng'ambo na ng'ambo, ili likikatika upoteze tawi tu, siyo tenki zima. Mdomo wa kisima nao uwe juu ya alama ya mafuriko, kifuniko kiwe na gasketi, na lile tundu la kupimia kina lizibwe kwa plagi.

Na ukame usisahaulike. Vipimo vya Makutupora, kwenye visima vinavyolisha sehemu kubwa ya jiji la Dodoma, vimechukuliwa tangu miaka ya 1950. Vinaonyesha mwamba unaohifadhi maji chini ya ardhi haujazwi kila mwaka, unajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno kama 1997/98. Kwa hiyo pimeni kina cha maji kisimani kila mwezi, pampu ikiwa imezimwa usiku kucha. Kikishuka miezi sita mfululizo mnaanza mgao mapema.

---

Sampuli_Safi

Kuna jambo hamjaligusa: mfuniko wa tenki ukikutwa umefunguliwa, kufuli limekatwa.

Zima pampu. Funga valvu ya kutoka. USIMWAGE maji na usitie klorini kwanza, maana unafuta ushahidi na huenda ukapeleka sumu bondeni kwenye mashamba. Usishike mfuniko. Piga polisi 112, kisha ofisi ya maji ya wilaya na afisa afya. Sampuli lita 2 hadi 5 kwenye chupa safi ya kioo, iandikwe saa na mahali. Ile ya vimelea ni chupa nyingine, ya maabara, yenye dawa ya kuua klorini, ikae kwenye barafu na ifike ndani ya saa 6.

Tangazo lina ngazi tatu, na kulikosea ni hatari. Mkishuku vimelea: "chemsheni". Mkishuku kemikali: "msinywe wala kupikia", kwa sababu kuchemsha hakuondoi dawa ya mashamba wala nitrati, kunazidisha ukali maji yakipungua. Msipojua ni nini kabisa: "msitumie kwa lolote".

Kinga yake ni rahisi: kufuli zito lililofunikwa na kikombe cha chuma ili mkasi usifike, bomba la hewa lililopinda kuangalia chini, wavu usiopitisha panya wala ndege kwenye hewa na kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada. Nyani na popo hawasomi bango la "Hairuhusiwi".

---

Nywila1111

Kama mna kidhibiti cha pampu cha kutuma ujumbe wa simu, badilisheni nywila ya kiwandani leo. Novemba 2023 kule Aliquippa, Marekani, wavamizi waliingia kwenye kifaa cha kituo cha kuongeza presha ya maji. Vifaa vya aina ile hutoka kiwandani na nywila 1111. Wafanyakazi wakahamia kuendesha kwa mkono na maji hayakukatika. Swichi ya mkono isiondolewe kamwe, na watu wawili wajue kuitumia.

---

Chombo_Chamwino

Wakuu, nimerudi na rasimu mpya. Kwanza relei, kinga ya radi, chenjiova na kebo. Pili kufuli, wavu na plagi ya kisima. Tatu valvu mbili za korongo na vipuri. Nne DPD na HTH ya akiba. Minyaa ni nguvu kazi ya kijiji. Kamera zimekufa.

Swali la mwisho: mpango wa maandishi uwe kurasa ngapi, na nani anatangaza?

---

Koki_ya_Mtaa

Ukurasa mmoja ukutani kwenye nyumba ya pampu, mwingine kwa mtendaji wa kijiji. Juu ni majina ya vyeo na simu, kila cheo na mbadala wake. Katikati ramani ya valvu. Chini hatua za matukio manne: umeme, bomba kupasuka, mfuniko kufunguliwa, kisima kushuka.

Anayetangaza awe mmoja, mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, akisoma maneno yaliyoandikwa tayari yenye nafasi ya tarehe na majina ya DP. Fundi asitangaze, ana kazi. Tumieni kipaza sauti cha msikiti na kanisa pamoja na kikundi cha simu, maana umeme ukikatika siku mbili simu nyingi nazo zimezima. Kamati ya maafa ya kijiji, iliyopo kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, ipewe nakala.

Halafu chagueni Jumamosi moja kabla ya Desemba, zimeni swichi kuu saa 12 asubuhi bila kumwambia fundi, mshike saa mpaka valvu ya tenki ifungwe. Ikizidi nusu saa, angalieni ufunguo wa T ulikuwa kwa nani.