Mrejesho: koili ya Tesla imekubali, tatizo lilikuwa tyuni

Wakuu, mi ndo yule niliyeuliza kwa nini koili yangu ya Tesla (mtambo wa kupandisha volti mpaka umeme unaruka hewani) inatoa cheche za sentimita 2 tu wakati transfoma ya taa za neoni ni nzima, volti 9,000, na sekondari (koili ya pili, ile inayotoa cheche) nimezungusha raundi 900 kwenye bomba la inchi 3. Mlionambia ni tyuni, yaani praimari (koili ya kwanza) na sekondari hazilingani frikwensi, mlipatia kabisa. Nilivyofunga ile donati ya foili (duara la kubeba chaji) juu ya sekondari, frikwensi ya sekondari ikashuka, ila praimari nikaiacha raundi ileile ya 6, zikawa haziongei. Basi nikawa nasogeza klipu kwenye bomba la kopa la praimari nusu raundi nusu raundi, kila mara nazima, natoa plagi, namwaga chaji ya kapasita kwa fimbo ndefu ya plastiki yenye waya na rezista ndo naigusa, jamani hapo msiharakishe, kapasita inaua. Raundi ya 8 na nusu, paa! uzi wa zambarau ukaruka sentimita 20, chumba kikanuka ozoni, nilifurahi mno. Erthi nayo nimeitoa kwenye waya za nyumba, nimechimbia fimbo yake nje. Sasa hivi pengo la cheche (pale umeme wa kapasita unaporuka kwenda praimari) ndo linachemka sana, kesho naliwekea feni.