Tupeane uzoefu: mlioomba residensi (mafunzo ya ubingwa) ya medicine Marekani, kipi kilikutoa jasho zaidi?

Mwanakwetu Ohio
Wakuu habari zenu. Juzi kuna dogo yuko mwaka wa nne wa udaktari (MD) hapo Dar kanipigia, bro hivi ERAS ni nini na mbona wanataka hela kabla hata ya kuniita intavyuu. Nikamwambia ni mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi kwa programu za hospitali. Nilicheka, ila nilivyokata simu moyo ukaanza kwenda mbio wenyewe, nikakumbuka ile Oktoba yangu, simu chini ya mto, imeili ikilia alfajiri nashtuka kumbe tangazo la viatu. Kwa hiyo tuliopitia hii kitu ya internal medicine, magonjwa ya ndani, uwe umesoma Muhimbili, Bugando, KCMC, Nairobi, Makerere au huku huku kama mimi, tiririka. Sitaki zile za "nilimwachia Mungu nikapata", taja vitu.

Naanza mimi. Hela. Msimu wangu programu 30 za kwanza zilikuwa dola 11 kila moja, kuanzia ya 31 dola 30 kila moja. Waliosoma nje wengi wanaomba hadi 150, piga hesabu mwenyewe, dola 3,930. Hapo NRMP, wale wanaoendesha Match ya kuoanisha waombaji na programu, hujalipa, Step 1 na Step 2, mitihani ya leseni ya huku, hujalipa, na kila Step inazidi dola elfu.

Chai Rangi
Milioni kumi na ushee hiyo ya madafu. Hicho ni kiwanja kabisa.

Kisukari Type 2
Na hapo bado hujaitwa popote.

Binti Ujiji
Mimi hela niliichangiwa na ukoo mzima, kilichonitesa ni barua. Ukitoka kwetu wanataka barua za mabingwa wa Marekani waliokuona unafanya kazi, na nafasi ya kumgusa mgonjwa huku unayo ukiwa bado mwanafunzi, ukishahitimu hospitali nyingi unakuwa mtazamaji tu, unasimama nyuma ya watu mikono mfukoni. Kwa hiyo mwaka wa tano likizo yote nikaimalizia kwenye elektivu, yaani kujifunza wodini huku kama mwanafunzi mgeni, nalala sebuleni kwa binamu yake mama huko Bronx, kufika hospitali treni mbili. Siku za mwanzo hakuna aliyejua jina langu. Wenzangu kwenye raundi wanataja tafiti na mwaka zilipotoka, mimi nimeufyata.

Sasa siku hiyo kaletwa mama mmoja mtu wa Dominika, miguu imevimba, anahema, akikohoa damu kidogo, timu nzima inasema damu imeganda kwenye mapafu tusubiri CT. Daktari bingwa kanigeukia, haya na wewe msikilize. Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikageuza stethoskopu nikatumia ule upande wa kengele, nikauweka pale kilele cha moyo bila kukandamiza, nikamwambia toa pumzi ubaki hivyo hivyo. Ngurumo ya chini ile ile tunayoisikia kwetu wodini kwa wasichana wadogo wenye moyo wa rumatiki. Nikasema valvu ya mitral imebana. Kuna resident akatabasamu lile tabasamu lao. Mchana eko, ile picha ya moyo, ikafanyika, ikaja hivyo hivyo. Tangu hapo naitwa kwa jina, na barua ya yule bingwa ndiyo waliyokuwa wanaiulizia karibu kila intavyuu. Kwa hiyo dogo aambiwe, elektivu ukiwa mwanafunzi, usisubiri kuvaa joho.

Kisukari Type 2
Huyo resident wa tabasamu yuko kila hospitali, nadhani wanamzungusha.

Bugando Damu
Mimi sielewi mnachokimbilia. MMed (ubingwa) ya medicine ipo nyumbani miaka mitatu, wagonjwa mpaka chini ya vitanda, unajifunza kila kitu. Mnachoma milioni kumi kuomba tu?

Mwanakwetu Ohio
Mdogo wangu yuko kwenye hiyo MMed unayoisema, kajilipia ada, usiku analala wodini, mwisho wa mwezi hakuna kitu. Huku usiku nalala wodini vilevile ila nalipwa.

Bugando Damu
Na mgonjwa wa Sumbawanga atatibiwa na nani?

Chai Rangi
We uko Sumbawanga?

Bugando Damu
Niko Mwanza. Hilo sio hoja.

Jirani wa Prometric
Salamu kutoka Nairobi. Watu wa TZ nyinyi huja kufanya mtihani hapa kwetu Prometric, kituo cha mitihani, nimewabebea mandazi siku ya Step 1 zaidi ya mara moja, ile siku ya saa nane nzima na maswali 280 mtu hutoka kama amegongwa na matatu. Yangu ni kuhusu intavyuu. Tangu 2020 nyingi ni za Zoom, hiyo ni afueni, hakuna tiketi ya ndege. Lakini saa za Marekani hurudi nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kabla ya hapo tumewapita New York saa 7, baada ya hapo saa 8. Rumeti wangu alipewa intavyuu akiwa Oktoba, yenyewe ni ya Novemba katikati, akaandika kwa kalenda ya ukutani saa kumi jioni. Siku ikafika, suti, tai, chini bukta, ameketi mbele ya skrini tupu saa nzima akisema hawa wamenidharau juu ni Mwafrika. Ikikaribia saa kumi na moja stima zikapotea, na laptopu yake ilikuwa haiwaki bila kuchomekwa. Intavyuu ikaanza saa kumi na moja kamili yuko kwa simu, data ameazima kwa mama mboga, mkurugenzi anamuuliza ungekabiliana vipi na hali ngumu kazini. Si alikuwa na jibu. Hiyo programu ndiyo ilimchukua.

Dkt Kimbaumbau
Nyinyi mnalilia hela na saa. Mimi ni wa Match ya 2025. Jumatatu tarehe 17 Machi, nimefunga, saa kumi na moja jioni kwetu inakuja ile imeili ya kukuambia umepata au umekosa bila kukuambia ni wapi. Nafungua, nimepata. Nikapiga ukelele, bi mkubwa kutoka jikoni, we mtoto subiri adhana. Ijumaa ikaja ya wapi, medicine ile kamili ya miaka mitatu, sio prelimu ya mwaka mmoja. Nikaaga kazini. Nikauza friji na kitanda. Ile barua ya Wizara ya Afya ya kwamba nchi inahitaji bingwa wa aina yako, ambayo bila hiyo J-1, viza ya mafunzo, haipo, nikaipata. Mkataba nimesaini, karatasi ya DS-2019 ya kuombea viza ninayo mkononi, kazi inaanza tarehe 1 Julai. Nimekaa nitafute miadi ya viza, tarehe 27 Mei serikali ya Marekani ikasimamisha miadi mipya ya viza za wanafunzi na za J-1, dunia nzima. Kazi sina, friji sina, programu wananiuliza unatua lini. Halafu usiku huo nikapokea simu, namba ya Marekani, ikabidi nito

Ngoja naitwa wodini, nakuja.

Chai Rangi
MKUU RUDI

Binti Ujiji
Hapana jamani hii sio haki, katikati ya neno?

Kisukari Type 2
Aliuza friji kabla ya viza. Friji huuzwa uwanja wa ndege.

Bugando Damu
Hawa ndio wanaoharibu nyuzi, mtu anaanza hadithi hana muda wa kuimaliza.

Chai Rangi
Wakati tunamsubiri, ushauri wa bure. Ile orodha ya mwisho ya kupanga programu, namba moja weka ile iliyokuonyesha mapenzi, waliokuandikia "tumekupenda". Ukiweka ya ndoto juu wakikukataa unakuta ya uhakika imeshachukuliwa.

Mzee wa Hesabu
Uongo huo, tena unaumiza watu. Kompyuta inaanzia kwa mwombaji. Inakupeleka kwa namba moja yako, wakikukataa inakushusha namba mbili, na huko namba mbili kama walishashika mtu waliyempanga chini yako anatolewa unaingia wewe. Hupotezi chochote kwa kutamani juu. Alvin Roth ndiye aliyehusika kuisuka upya miaka ya 90, na 2012 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Lloyd Shapley. Panga unavyopenda, basi.

Chai Rangi
Mimi niliweka ya uhakika juu na nikapata.

Mzee wa Hesabu
Ungeiweka chini ungeipata vilevile, au ungepata unayoipenda zaidi.

Chai Rangi
Nimeridhika nilipo.

Kisukari Type 2
Ni wapi?

Chai Rangi
Sio lazima niseme.

Mlango wa Nyuma
Huwa siandiki, leo acha niandike. Mwaka wangu wa kwanza kuomba, hiyo Jumatatu anayoisema daktari, mimi yangu ilisema hujapata. Kuna kitu kinaitwa SOAP, wiki hiyo hiyo, waliokosa wanagombea nafasi zilizobaki, maombi 45 mwisho, na huruhusiwi kuwapigia programu wewe, wao ndio wakutafute. Alhamisi ofa zinatoka kwa raundi, ukipewa una saa mbili za kukubali. Mimi sikupewa, simu ilikaa mezani imechajiwa mpaka asilimia 100 na haikulia, na kila shangazi aliyejua naomba kazi Marekani alichagua siku hiyo kunisalimia. Baba akauliza, sasa wewe ni daktari au sio daktari? Sikuwa na hasira naye, kwa mtu wa nje haieleweki. Mwaka 2025 katika sisi tuliosoma nje na sio raia wao, waliopata ni asilimia 58 hivi, na medicine ndiyo inatubeba wengi maana nafasi zake zinapita elfu kumi. Lakini hao 42 wako wapi kwenye hizi stori? Mwaka uliofuata nilipata. Niliyekuwa nasoma naye Step 2 hakupata, yuko kwenye afya ya jamii sasa, analala usiku.

Binti Ujiji
Pole sana kaka. Asante kwa kuandika.

Mwanakwetu Ohio
Hii ndiyo niliyoitaka kwenye uzi.

Jirani wa Prometric
Hiyo ya shangazi imenigusa, mimi nilizima simu wiki nzima nikaambiwa nimetekwa.

Dkt Kimbaumbau
Nimerudi, mgonjwa alishuka presha. Sasa ile simu. Ni mkurugenzi wa programu mwenyewe. Nikajua ndiyo basi, nafasi anapewa mtu mwingine. Akasema tumeona habari, tunakusubiri, ila lazima utuambie ukweli kila wiki. Miadi ikafunguliwa tena tarehe 18 Juni kwa sharti kwamba akaunti zako zote za mitandao ziwe wazi, nikakesha nafuta ubishi wangu wa Simba na Yanga. Miadi niliyoipata ni ya Julai katikati, wenzangu wameshaanza kazi. Nimeingia Agosti. Mtu wa kwanza kuonana naye wodini ni intern aliyefanya zamu zangu za usiku mwezi mzima, mkono wa kulia kanipa orodha ya wagonjwa, wa kushoto kanipa ratiba, kazungushia Krismasi kwa kalamu nyekundu, kasema hii ni yako. Na mwaka mpya pia.

Kisukari Type 2
Friji alinunua nani?

Dkt Kimbaumbau
Shemeji. Kwa bei ya pole.

Bugando Damu
Na hiyo J-1 si inakutaka urudi nyumbani miaka miwili ukimaliza? Tutakupokea Mwanza.

Mzee wa Hesabu
Arudi, au afanye kazi miaka mitatu sehemu yao yenye uhaba wa madaktari, ile Conrad 30, kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka. H-1B, ile viza ya kazi, msiitegemee, tangu Septemba 2025 ombi jipya la mtu aliye nje limewekewa dola 100,000, hospitali gani italipa hiyo kwa intern.

Chai Rangi
Kwenye insha yako ya maombi usiandike malaria. Wameichoka.

Binti Ujiji
Mimi niliandika malaria na nikaitwa. Andika mgonjwa uliyemwona, kama alikuwa na malaria utamfanyaje?

Dogo wa MD4
Shikamooni. Mimi ndiye niliyempigia kaka wa Ohio. Nina swali, zile signali 15 za medicine, za kuonyesha programu unazozitaka zaidi, 3 za dhahabu na 12 za fedha, za dhahabu nizipeleke hospitali kubwa au ndogo?

Chai Rangi
Kubwa.

Mzee wa Hesabu
Wanaochukua watu wa J-1, kubwa au ndogo.

Jirani wa Prometric
Kwanza Step 2 umefanya?

Dogo wa MD4
Bado. Hata Step 1 bado.

Kisukari Type 2
Usiuze friji.