Naombeni ushauri: hoteli inanitaka mimi peke yangu, bendi niiwache?

GitaaMLD

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba mnisome mpaka mwisho manake hili jambo limeninyima usingizi, hii ni wiki ya pili sasa.

Mimi ni kijana wa hapa Malindi, napiga gitaa na kuimba. Tuna bendi yetu ya watu wanne tokea 2016, mimi, mwenzangu wa sauti ya pili ambaye ndio mtunzi, mpiga besi na mpiga dramu. Tunapiga harusini, miziki ya pwani kama bango na chakacha, rumba za zamani za kina Wanyika, na msimu wa wageni ukifika Disemba tunapiga mahotelini huku Casuarina na mpaka Watamu. Masika yakianza kila mtu anarudi kwa shughuli zake, besi yuko kwa samaki kule jeti, wa dramu anaendesha tuktuk, mi nafunza watoto gitaa.

Sasa meneja wa hoteli moja, sitaitaja, aliniita kando baada ya shoo akaniambia watu wanne ni wengi kwake, anataka mimi na gitaa langu na laptop yenye midundo, siku tatu kwa wiki, sh 4,000 kwa usiku. Bendi nzima hutulipa 8,000, tukitoa 2,000 ya spika na usafiri kila mtu anabaki na 1,500. Hesabu mnaiona wenyewe. Nina mke na mtoto wa miaka miwili.

Na kusema ukweli kuna mambo ya bendi yamenichosha. Mazoezi tumepanga saa kumi, besi anaingia saa kumi na mbili na hata pole hasemi. Mtunzi nikimletea wimbo anaukatakata, mstari huu toa, huu rudisha nyuma, mpaka naona si wangu tena.

Lakini hiki ndicho kinachonisumbua. Mwezi uliopita hoteli ilinipa usiku mmoja wa kujaribu. Nyimbo zile zile, sauti ile ile, na kompyuta haikukosea hata mara moja. Watu walipiga makofi lakini hakuna aliyesimama. Tuna wimbo wetu mmoja ambao tukifika korasi ya pili watu huinuka, hata wazee wa Kitaliano wenye fimbo nimewaona wakiinuka, miaka yote hii haijawahi kukosa. Usiku ule walikaa wakala. Nikarudi nyumbani nikatafuta rekodi ya simu ya tulivyoupiga harusi moja ya Mambrui nikaisikiza labda mara kumi, ndio nikasikia: kabla ya ile korasi wa dramu huchelewa kidogo, kama pumzi moja hivi, na besi hunyamaza kabisa, halafu wanaingia pamoja. Hatujawahi kukipanga hicho kitu, wala hatujawahi kukizungumza. Nikajaribu kuiwekea kompyuta kile kimya, nikapima na kupima, wapi.

Sasa niende nisiende? Na kuna mtu yeyote anayejua mwanamuziki aliyetoka kwa bendi iliyopendwa akafanya makubwa kuliko ya bendi? Nafikiria sipati.

MamaWawili

Wewe una mtoto. 12,000 kwa wiki ni kodi na unga na bado. Chukua. Lakini kabla hujachukua muulize huyo meneja Aprili atakupa siku ngapi, manake mimi nimefanya kazi hotelini miaka sita na najua mvua ikianza kunyesha nani huambiwa apumzike kwanza. Na akupe kwa maandishi.

GitaaMLD

Ahsante dada. Nilimuuliza, akasema tutaona.

MamaWawili

Basi umeshajibiwa hapo.

MzeeWaKaseti

Mwanangu, mimi nimeuza kaseti miaka mingi, na kwa kuwa umewataja Wanyika wewe mwenyewe ngoja nikueleze mambo yao, manake watu huyaeleza nusu.

Wilson na George Kinyonga ni ndugu, watu wa Tanga, walianzia Jamhuri Jazz huko, wakapitia Arusha, wakavuka wakaingia Mombasa 1971 na hapo ndipo Simba Wanyika ilipozaliwa, baadaye wakahamia Nairobi. 1978 bendi ikapasuka. Aliyetoka ni Omar Shabani, mpiga gitaa la ridhimu, yule waliyemwita Profesa. Lakini Shabani hakutoka na gitaa lake tu. Alitoka na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu, wakajiita Les Wanyika, wakakaa miezi wakifanya mazoezi, John Ngereza akaja akajiunga nao, na kilichotoka hapo ni Sina Makosa. Sasa niambie harusi gani ya pwani hii inamalizika bila kupigwa hiyo.

Kwa hivyo watu husema si unaona, walitoka wakafaulu. Ndio, walifaulu. Lakini angalia ni kina nani waliotoka. Ridhimu, besi na dramu, wale watu ambao mkono wa huyu unajua mkono wa yule unaenda wapi. Walikihama kitu kizima kizima kama mtu anayehama na jiko na mafiga yake. Ukisikiza Sina Makosa tega sikio kwa besi na ridhimu, achana na maneno kidogo, sikiza vile besi inaacha nafasi na ridhimu inaijaza, inaacha tena, inajaza tena. Hiyo haikuanza siku waliyoingia studio.

Na Issa Juma, mwenye ile sauti nzito, naye alipoondoka Les Wanyika akaanzisha Super Wanyika, bendi tena. Simba Wanyika yenyewe iliendelea mpaka miaka ya tisini. Waligombana, wakagawana jina la Wanyika vipande vipande, lakini hakuna katika hao aliyeenda kusimama peke yake. Kile kimya chako cha korasi ya pili mimi nakielewa sana. Mwenye kukipiga ni nani? Si besi, amenyamaza. Si dramu, bado hajaingia. Hakina mwenyewe, ndio maana huwezi kukibeba kwenda nacho hotelini.

KijanaWaWatamu

Mzee amenena. Mi nijibu lile swali lako la pili kwa upande wa Beatles, ile bendi ya Waingereza, manake hao ndio nimewasikiza tangu niko mdogo, marehemu baba aliachiwa kaseti zao na mgeni mmoja Mwingereza na zilipigwa nyumbani mpaka utepe ukakatika.

Walivunjika 1970, na wote wanne, John, Paul, George na Ringo, walitoa albamu zao mwaka huo huo mmoja. Vipaji havikuisha. Paul kwenye albamu yake alipiga karibu ala zote mwenyewe, gitaa, besi, dramu, kinanda, na amepiga vizuri tu. Lakini ukisikiza dramu zake halafu urudi kwa Ringo utajua kuna mtu hayupo ndani ya nyumba. Hiyo ndio laptop yako ndugu yangu, hata kama aliyepiga ni binadamu. Haikosei, ila haikusikilizi.

Kuhusu mtunzi wako anayekatakata, kuna wimbo wao wa 1967, Getting Better, Paul ameleta maneno yake ya matumaini, mambo yanaendelea kuwa mazuri kila siku, John akachomeka mstari wa kusema hayawezi kuwa mabaya zaidi ya haya. Huo mstari mmoja ndio unafanya wimbo uwe wa mtu mzima. Na A Day in the Life ya mwaka huo huo, John alikuwa na mwanzo na mwisho, katikati hana, Paul alikuwa na kipande chake cha mtu anayeamka na kukimbilia basi, kipande hakina kichwa wala miguu, wakaviunganisha. Chukua kila kimoja peke yake uone kama kitafika popote. Baada ya 1970 Paul alibaki na sauti tamu na hakuna wa kumwambia hii ni tamu mno punguza, na John alibaki na ukweli wake na mara nyingi hakuna wa kumwambia huu ukweli upe wimbo. Nawapenda wote wawili mpaka kesho, albamu zao ninazo, lakini nikitaka kusikia roho yangu ikitulia narudi kwa za wanne.

BintiSabaki

Mi napinga kidogo, samahani @KijanaWaWatamu, umemruka George Harrison. Huyu alikuwa anapewa nafasi ya nyimbo moja mbili hivi kwa kila albamu kwa sababu wale wawili walijaza, nyimbo zake zikarundikana miaka. Bendi ilipovunjika tu 1970 akatoa All Things Must Pass, santuri tatu kwa mpigo mmoja! Kuna watu, na mimi ni mmoja wao, tunaiona ndiyo albamu bora kuliko yoyote aliyotoa mwenzake yeyote wa Beatles peke yake. Angebaki nyimbo zile zingeozea ndani. Na huyo huyo Paul mnayemlilia, 1973 alienda kurekodi Lagos, muda mfupi kabla ya safari watu wawili wa bendi yake wakamwacha, huko Lagos akaporwa barabarani kwa kisu wakachukua kanda za majaribio za nyimbo hizo, na bado ikatoka Band on the Run ambayo ni moto. Kwa hivyo si kweli kwamba mtu akitoka amekwisha.

Mi ningemuuliza GitaaMLD swali moja. Una nyimbo ngapi ndani ambazo bendi imekataa kuzipiga? Kama ziko kumi, toka wallahi, usiangalie nyuma. Kama hakuna, unaenda hotelini kuimba nyimbo za bendi bila bendi.

KijanaWaWatamu

@BintiSabaki hilo la George nakubali umenishika. Ila nikukumbushe kwenye hiyo albamu mmoja wa waliopiga dramu ni nani? Ringo yumo. Alitoka lakini alimwita mwenzake.

Chimbuko_KLF

Sauti Sol wetu wa Kenya je? Bien peke yake yuko juu sana, Savara na Chimano nao wana kazi zao, sisemi mbaya. Lakini zile sauti zikipandana juu ya gitaa la Polycarp, mwili unasisimka, na hiyo sijaipata kwa yeyote wao tangu walipoaga pale Nairobi Novemba 2023. Angalau waliagana vizuri, mashabiki wakaitwa, shoo ya mwisho ikapigwa.

AmuNdioKwetu

Nawasalimu kutoka Lamu. Mimi si mtu wa bendi, mimi ni mtu wa matwari, zile ngoma za mkononi za maulidi. Maulidi yakifika hapa msikiti wa Riyadha tunakaa safu mbili tukielekeana, vijana wengi, kila mmoja na twari lake, na nai, yaani filimbi, inaongoza. Nimepiga tangu nina miaka kumi na mbili. Mwaka mmoja niliumwa mkono nikakaa nje nikasikiliza, na ndio mara ya kwanza nikasikia kwamba lile pigo langu ambalo mimi hulisikia kubwa mkononi kwa pale nje halisikiki kabisa. Lakini ndugu zangu wakaniambia walinikosa, safu ya upande wangu ilikuwa ikikimbia. Sijui kama inakusaidia, ila uliposema kuhusu dramu kuchelewa nimeikumbuka.

La kufanya naona ni hili. Malindi ni ndogo yakhe, wenzako wakiisikia habari hii kwa mtu mwingine umewapoteza, kwa hivyo waambie wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa. Na meneja mwambie utakuja ila mje wawili, wewe na wa dramu, hata kwa kidumbak kidogo au bongo mbili tu, si lazima seti nzima. Akikataa ujue hakuwa anataka muziki.

MzeeWaKaseti

Huyu wa Amu msikilize.

GitaaMLD

Nimerudi wanajamvi, mniwie radhi kwa kimya.

Kwanza @BintiSabaki swali lako lilinikalisha chini usiku. Nimehesabu. Nyimbo zangu zilizokataliwa ni tatu. Nikazipiga zote tatu peke yangu, halafu nikatafuta zile nilizokuwa nalalamika zimekatwakatwa nikazipiga vile nilivyozileta mwanzo, kabla hazijaguswa. Jamani. Ule wimbo wa korasi ya pili nilikuwa nimeuleta na beti sita, na ile korasi nilikuwa nimeiweka mwisho kabisa. Mtunzi ndiye aliyeileta mbele. Nilikuwa nimesahau. Katika zile tatu, mmoja bado naona walinionea na nitauleta tena.

Meneja amekubali wawili, kwa 5,000, siku mbili si tatu, mpaka mwisho wa Machi, na ameandika. Wa dramu amekubali, atakuja na bongo zake na tuktuk yake kwa hivyo usafiri tumeokoa. Mtunzi nilimfuata kwake Maweni nikamwambia yote hata lile la kwamba nilimchoka. Alinyamaza sana, kisha akaniuliza huo wimbo ninaoulilia ni upi, nikaupiga hapo barazani, akasema ubeti wa pili bado ni mrefu.

Besi nilimtumia ujumbe tangu juzi, nikamwekea na ile rekodi ya Mambrui, nikamwambia asikize pale kabla ya korasi ya pili. Ameusoma, hajajibu. Mazoezi ni Jumapili saa kumi.