Mliosoma shule za serikali za "raia wa dunia", kujeni tupeane uzoefu

MamaWawili_Umoja:
Hamjambo humu ndani. Jana msichana wangu wa Gredi ya 10 amekuja na barua ya shule, ati mwezi ujao wanapokea wanafunzi kutoka Ujerumani na mzazi "mwenye nafasi" aandikishe jina akae na mmoja wiki nzima. Mwenye nafasi! Mimi niko Umoja, chumba kimoja cha kulala na sitingirumu, maji ni Jumanne na Ijumaa zikikumbuka. Nimesoma hiyo barua kwa matatu nikicheka peke yangu mpaka konda akaniuliza mathe uko sawa.

Juu mimi pia nilisomea shule kama hiyo hapa Nairobi miaka ya tisini. Ya serikali kabisa, karo ya kusukumana, githeri ya kupepeta wadudu, lakini getini bendera za nchi nane zinapepea na prinsipo kila paredi anatukumbusha sisi ni raia wa dunia. Raia wa dunia na vyoo havina maji. Kuna bendera moja hapo mpaka namaliza Fomu Foo hakuna mtu alijua ni ya nani, hata ticha wa Jiografia.

Sasa nyinyi mliopitia hizo shule za klabu ya Kifaransa, za marafiki wa kalamu, za kukaribisha wageni wa ng'ambo, mwageni. Na mniambie nitie sahihi ama nijifanye barua ililowa.

Prefekti_Mstaafu:
Marafiki wa kalamu, umenimaliza hapo. Darasa letu liliunganishwa na shule moja ya Uingereza, kila mtu na wake. Wangu akanitumia picha ya farasi wake. Wake yeye, si wa babake. Nilikaa na hiyo picha wiki mbili nikiwaza nitajibu nini juu sisi tulikuwa na kuku watatu na hao ni wa shosh. Mwishowe nikaandika kwamba hata mimi nina farasi lakini amepotea.

Kumbe ticha anasoma barua zote kabla hazijaenda posta. Mimi nilikula viboko vinne (hii ni kabla vikatazwe 2001), na wale walioomba viatu na kikokotoo wakala sita sita. Halafu tukaandikishwa upya kutoka ubaoni, darasa zima barua moja. Hebu fikiria hao watoto wa huko wanafungua bahasha arobaini na zote zinasema "hali ya hewa hapa ni nzuri na sisi sote tuko salama".

ChapoMbili:
Farasi amepotea 😂😂😂 na mpaka leo hajapatikana?

Prefekti_Mstaafu:
Ukimwona nipigie.

MtuWaSekshoni:
Wacheni niwaambie Ramadhani ya bweni. Kwetu kulikuwa na kila mtu, sisi Wasomali wa Islii na wa Garissa, vijana wawili wa Sudan Kusini warefu mpaka vitanda vimewakataa, Mkongo mmoja, Mhindi wa Ngara, na Wakenya wa kila kaunti. Sasa mwezi mtukufu jikoni inafunguliwa saa tisa usiku ya daku. Uji mzito, chapati, tende ambazo wazee wa Islii walikuwa wanatuma kwa maboksi. Wiki ya kwanza tulikuwa sitini. Wiki ya pili tumefika mia na kitu. Watu wanaitwa Kamau na Otieno wamepanga laini na taulo kichwani.

Deputi akaja na tochi. Akasema kila mtu asome Fatiha ndio apewe chapati, na yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, hajui kama umesoma Fatiha ama umetaja majina ya wachezaji wa Gor Mahia, ikabidi aniite mimi nisimame hapo nisikilize. Kuna jamaa mmoja wa Nyeri alisoma yote bila kukosea herufi. Nikamwachilia apite. Huyo alikuwa ameifanyia kazi.

NimekaaNyuma:
Mwalimu wa dini angekuwa na bidii kama ya chapati tungekuwa wote mashekhe.

DiskiShingoni:
Mnacheka na ni sawa, lakini hiyo maneno ya raia wa dunia mimi ilinikaa vibaya. Kwetu Jumatatu mpaka Alhamisi ukishikwa ukiongea Kiswahili unavaa diski. Kibao cha mbao na kamba, kinanuka jasho la shingo za shule nzima, unakaa nacho mpaka umshike mwingine umpachike. Kijerumani ruhusa. Kifaransa ruhusa, hata unapigiwa makofi. Kiswahili, diski. Siku moja wageni wamekuja, mimi ndio nilikuwa nayo, mzungu mmoja akaishika hapa kifuani akaniuliza kwa upole nimeshinda nini.

Nikamwambia mbio.

Bibi_ya_Ticha:
Diski ndio ilikufunza Kiingereza unachotumia kazini sasa. Watu wanapenda kulaumu shule na mishahara wanakula.

DiskiShingoni:
Mimi ni fundi wa stima. Wateja wangu wote wananiongelesha Kiswahili. Na Katiba Ibara ya 7 inasema lugha ya taifa ni gani, na UNESCO wenyewe 2021 wakaipatia Kiswahili siku yake, 7 Julai. Hao walimu wangetuvalisha diski siku hiyo pia?

Bibi_ya_Ticha:
Katiba ni ya 2010 na wewe naona umemaliza kitambo. Diski haikuwa imesoma katiba.

DiskiShingoni:
Na wewe pia haujaisoma.

Kilima_na_Bonde:
Sisi tuliosoma mtaala wa Uingereza hatukuwa na hizo diski, walimu walikuwa wanatuelewesha tu kwa maongezi.

ChapoMbili:
Bosi, uzi ni wa shule za serikali. Geti ya Runda iko upande ule mwingine.

MjumbeWaBolivia:
Mimi ya kwangu ni ya Gigiri. Tulikuwa tunaenda yale mashindano ya kuigiza Umoja wa Mataifa, pale pale kwa ofisi zao zenyewe, mnapewa nchi kila mtu. Shule za pesa zikapata Ufaransa na Uchina, sisi tukapewa Bolivia. Maktaba yetu ilikuwa na atlasi moja, bado Muungano wa Kisovieti uko ndani. Nikavaa suti ya mamangu, mabega yamefika kabla yangu. Zamu yangu ikafika nikasimama nikasema kwa sauti nzito kwamba Bolivia italinda bahari yake kwa kila hali.

Kijana wa Chile akainua kibao. Akauliza, bahari ipi?

Ukumbi wote uliangua kicheko, mimi nimeshika kipaza sauti tu. Kurudi nikasoma vizuri nikakuta Bolivia ilikuwa na pwani kweli na waliomnyang'anya ni hao hao Chile, vita ya 1879, na mpaka leo ana jeshi la wanamaji na bahari hana, wako kwa ziwa Titicaca. Kwa hivyo jibu nilikuwa nalo! Nimelipata siku mbili baadaye kwa matatu nikitoka Westlands. Huyo kijana wa Chile nikimpata popote bado nina dakika yangu moja ya kujibu.

Mtoto_wa_46:
Nimekuwa nasoma tu tangu asubuhi sikutaka kuandika, lakini hiyo barua ya mwenye nafasi imenigusa mahali.

2011, niko Fomu Thrii. Wajerumani walikuwa wameanzisha mpango wao wa PASCH 2008 wa kushikana na mashule za nchi zingine, na Kijerumani kwetu kilikuwa moto, Jumamosi tunashuka taoni Goethe-Institut kuona sinema na kula baridi ya eyasii yao. Kwetu sheria ilikuwa ukikaribisha mgeni, mwaka unaofuata wewe ndio unaenda kwao. Mimi Kijerumani nilikuwa nambari moja. Fomu ikauliza nyumba yenu ina vyumba vingapi. Nikaandika vinne.

Sisi tulikuwa Kawangware, ploti ya mabati, chumba kimoja kimekatwa na pazia, mimi na mathe na kadogo ketu. Mathe alikuwa anafulia watu nguo Lavington. Shuleni nilikuwa nimesema tunakaa Lavington, na si uongo wote, yeye alikuwa anashinda huko.

Nilimwambia Alhamisi usiku na mgeni ni Ijumaa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Anakula nini?" Halafu akatoka, nikasikia akibisha mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufika saa nne tulikuwa na godoro la mama wa kibanda, blanketi la soja wa usiku, thamosi ya kanisa na roli mbili za tishu.

Mjerumani hakusumbua. Ufunguo wa choo cha ploti ulikuwa umefungwa kwa mwiko ndio usipotee, yeye akadhani ni desturi, kila akienda anaubeba wima mbele yake kama msalaba wa maandamano. Mtungi wa lita ishirini alikuwa anaukumbatia kama mtoto. Mathe naye, huyo Mjerumani alikuwa anamwita Mama juu ndio jina alisikia ploti nzima ikimwita. Mimi nikamwambia huko shuleni asiongee kuhusu nyumba, akadhani ni mchezo.

Siku ya kuwaaga, wazazi wakaambiwa walete chakula cha nyumbani. Mathe akaja kwa miguu kutoka steji, sufuria ya mukimo imefungwa kwa leso, patipati miguuni. Wazazi wengine wamekuja na magari. Prefekti mmoja, rafiki yangu, akaniuliza, huyo mama ni wa kwenu? Nikasema, ni wa kutusaidia kazi.

Alisikia. Najua alisikia juu alisimama kidogo. Halafu akaendelea kutembea, akaweka sufuria pale mwisho wa meza, akarudi nyuma akasimama na wapishi. Akakunja mikono mbele hivi, kama anangoja kutumwa.

Sasa Mjerumani amemwona. Akatoka katikati ya wenzake na sahani mkononi anaita "Mama! Mama!" akamkumbatia mpaka leso ikaanguka chini. Watu wakanyamaza. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti, mbona mama yako amesimama huko?

Mathe akaokota leso. Akampakulia yeye, halafu akanipakulia mimi, nyingi kuliko yake. Hakuniangalia.

Hajawahi kunitajia hiyo siku mpaka leo. Angenipiga ningekuwa nimesahau.

ChapoMbili:
Niko ofisini jameni. Nani anakata vitunguu hapa.

Bibi_ya_Ticha:
Hapana. Mimi siwezi kukuonea huruma. Mama amebisha milango ya watu usiku kwa ajili yako na wewe unamkana mchana.

Prefekti_Mstaafu:
Alikuwa mtoto wa miaka kumi na sita, Bibi ya Ticha. Mimi nilikana kuku wa shosh nikasema nina farasi.

Bibi_ya_Ticha:
Kuku hawana masikio ya kusikia hayo.

NimekaaNyuma:
Na shule nayo? Nani huwa anauliza watoto nyumba zenu zina vyumba vingapi mbele ya wenzao, halafu wanashangaa watoto wanadanganya. Kwetu waliosafiri walikuwa ni wale wale kila mwaka, watoto wa bodi na wa walimu. Sisi wengine tulikuwa wa kuimba nyimbo za kukaribisha.

MjumbeWaBolivia:
Mtoto wa 46, lakini Ujerumani ulifika?

Mtoto_wa_46:
Hapana. Karatasi za viza zilitaka sahihi ya wazazi wote wawili na baba hatukujua alikuwa wapi. Mathe alimtafuta karibu wiki tatu, alifika mpaka Thika na fomu kwa bahasha ya kaki. Hakumpata.

Mtoto_wa_46:
Hiyo ni baada ya ile siku ya mukimo. Niseme tu.

MtuWaSekshoni:
Ndugu yangu, mpigie simu leo. Usingoje.

NimekaaNyuma:
Ampigie aseme nini, miaka imepita hivyo? Wengine hapa mnashauri watu wafukue vitu. Amnunulie sufuria mpya, ataelewa.

MtuWaSekshoni:
Sufuria? Wewe ni mgonjwa.

DiskiShingoni:
Turudi kwa mwenye uzi. Mama Wawili, tia sahihi, lakini hiyo fomu ya vyumba andika ukweli. Chemsha maji ya kunywa, ya mswaki pia.

Kilima_na_Bonde:
Usimpe githeri siku ya kwanza.

ChapoMbili:
Mpe githeri siku ya kwanza. Akipona, wiki yote ni mteremko.

Bibi_ya_Ticha:
Usibadilishe chochote nyumbani. Lakini nunua tishu. Na pazia la bafu.

MjumbeWaBolivia:
Na akitoka Bolivia niiteni.

MamaWawili_Umoja:
Nimesoma zote. Ya Mtoto wa 46 nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea msichana wangu, akanyamaza, halafu akaniuliza kama kesho nitamwambia aandike vyumba vingapi. Nikamwambia kimoja, na sitingirumu waandike hivyo hivyo sitingirumu.

Kwa hivyo nani yuko Umoja One ama Innercore ana godoro la futi tatu naweza kuazima kuanzia tarehe tatu? Nitalirudisha likiwa limeanikwa.

Mtoto_wa_46:
Mathe ako nalo. Amesema uje ulichukue, na uje na mkokoteni juu ni zito.