Neva ya sauti ya twiga: watu wa uumbaji mnaielezeaje?

kijiwe_nongwa
Wakuu salama? Nimekwama kwenye ubishi na jamaa yangu wa mageuzi, wale wanaosema viumbe vilibadilika taratibu kutoka viumbe vya zamani. Mimi nilimtolea mfano wa twiga, kwamba presha yake ni karibu mara mbili ya yetu na bado akiinama kunywa maji ubongo haupasuki, sasa hiyo imejipanga yenyewe? Akacheka, akasema haya nieleze neva ya sauti ya huyo huyo twiga, eti inatoka kichwani inashuka shingo yote mpaka kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo halafu inapanda tena shingo yote mpaka kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, ambako ilishapita jirani kabisa wakati wa kushuka. Kweli hii au ananipiga fiksi?

Mganga wa Mifugo
Kweli mkuu, na hata wewe unayo. Ya kushoto inazunguka aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ya kulia inazunguka mshipa wa damu unaoenda mkono wa kulia. Kwa twiga mkubwa safari hiyo ni mita nne na ushee wakati njia ya mkato ni sentimita chache tu. Huhitaji twiga, siku mkichinja mbuzi omba shingo na mapafu vikiwa bado vimeshikana, pembeni ya bomba la hewa upande wa kushoto kuna uzi mweupe mwembamba, ufuate taratibu kushuka utaona unapinda chini ya aota.

Watu wa mageuzi wanasema hivi, samaki hana shingo, kwake neva hiyo inapita nyuma ya mshipa wa damu wa tamvua (anapopumulia) na inafika moja kwa moja. Shingo zilipoanza kurefuka moyo ukabaki chini, mshipa ukabaki nao na neva ikawa imenasa upande wa nyuma, ikabidi irefuke tu. Hata kwa mimba moyo unaanzia juu karibu na shingo ndo unashuka.

BintiMwambao
Dakta umeruka kitu. Hiyo neva njiani inatoa matawi kwenda kwenye umio na bomba la hewa, haizururi bure. Mnakimbilia kusema kitu kimekosewa kabla hamjajua kazi yake. Hata mifupa ya nyonga ya nyangumi mlisema ni mabaki tu, leo inajulikana inashikilia misuli ya uzazi.

Mganga wa Mifugo
Ya nyangumi nakupa. Ila neva mama, ile ambayo hii ya sauti ni tawi lake, inashuka kifuani hata hivyo, hayo matawi yangeweza kutoka humo humo bila kupeleka ya zoloto kifuani. Na kuna watu wachache sana, hata mmoja kwa mia hawafiki, ambao ya kulia haizunguki, inaingia zoloto moja kwa moja na wanaongea vizuri tu. Hao ule mshipa wa mkono wa kulia umeota mahali pengine. Sasa huo mzunguko una hasara, mtu anakuja sauti imekauka wiki na wiki, koo likiangaliwa halina kidonda wala nini, kumbe uvimbe uko kifuani unaibana.

nyundo_77
Marekani ugomvi huu ulifika mahakamani, Dover, Pennsylvania, 2005. Jaji akasema hoja ya Mbunifu, kwamba viumbe vimebuniwa na mwenye akili, ni dini, isifundishwe shuleni kama sayansi, na jaji mwenyewe aliteuliwa na Rais Bush, ambaye si mpinga dini. Ila mle walibishania zaidi mikia ya bakteria na damu kuganda, twiga hakuitwa shahidi 😂

BintiMwambao
Mahakama haipimi ukweli wa Mungu bwana. Fundi akitumia ramani ileile kujenga nyumba kumi, hapo kakosea nini?

Mganga wa Mifugo
Dada, sijasema Mungu hayupo, tusiwekeane maneno mdomoni. Lakini ramani ileile ndo hoja yenyewe. Twiga ana pingili saba za shingo kama wewe na kama panya, kila moja imevutwa tu ikawa ndefu, wakati bata maji, yule mkubwa mwenye shingo ndefu (swan), ana zaidi ya ishirini. Kwa nini twiga asiongezewe?

kijiwe_nongwa
Nimewasoma. Ila presha ya twiga hamjanijibu hata mmoja, nasubiri.